Linka Inapogoma

Mafaili yote yamepita. Kompaila imesoma kila mstari wa programu na haikukuta kosa hata moja la sarufi. Mwandishi wa programu anasubiri faili la mwisho litoke, alipakie kwenye chipu, taa ndogo ianze kuwaka na kuzima. Badala yake skrini inajaa maandishi, na katikati yake kuna sentensi hii: "undefined reference to `_sbrk'". Maana yake ni kwamba jina _sbrk limetajwa mahali fulani ndani ya programu, lakini mwenye jina hilo hajapatikana popote. Mwandishi anapekua msimbo wake juu hadi chini. Jina hilo hakuliandika yeye.

Alichoandika ni printf, amri ya kawaida ya kuchapisha maandishi ambayo kila anayejifunza lugha ya C huikuta siku ya kwanza.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na si kwa sababu hawana akili ya kazi hii. Lugha ya C wanaijua, umeme wanaujua, na ubao wa chipu wameunganisha nyaya zake sawasawa. Kinachowakwamisha ni hatua ya mwisho ya ujenzi wa programu, inayofanywa na chombo kiitwacho linka. Vyuo vingi huipitia hatua hiyo haraka haraka, kana kwamba inajiendesha yenyewe. Kwenye kompyuta ya mezani kweli hujiendesha. Kwenye chipu ndogo haijiendeshi.

Chipu hizo zimetuzunguka kuliko kompyuta tunazoziona. Zimo ndani ya mita ya LUKU inayopokea tarakimu 20 za umeme, ndani ya rimoti, king'amuzi, mashine ya kufulia na kipimo cha shinikizo la damu. Mojawapo inayopendwa na wanafunzi ni STM32F103C8 ya kampuni ya STMicroelectronics. Ina kilobaiti 64 za kumbukumbu ya flashi, mahali programu inapokaa hata umeme ukikatika, na kilobaiti 20 za RAM. ATmega328P, iliyomo kwenye ubao maarufu wa Arduino Uno, ina kilobaiti 32 za flashi na 2 tu za RAM. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kawaida haienei humo.

Kifaa cha kiasi hicho hakiwezi kubeba kompaila. Kwa hiyo programu yake huandaliwa kwenye kompyuta nyingine, kwa kawaida yenye prosesa ya Intel au AMD, ambayo haielewi hata amri moja ya prosesa ya ARM iliyomo kwenye STM32. Chombo kinachofanya kazi hiyo ni kompaila mtambuka: inaishi kwenye kompyuta ya aina moja na kutoa msimbo wa prosesa ya aina nyingine. Inayotumika sana kwa chipu za ARM inaitwa arm-none-eabi-gcc. Jina hilo halitaji mfumo endeshi wowote, na hilo linatangaza jambo zito: programu itakayotoka haitakuta mfumo endeshi wowote huko inakokwenda. Hakuna Linux wala Windows ya kuipokea.

Kompaila hushughulikia faili moja moja. Ikimaliza faili inaacha kipande cha msimbo pamoja na orodha mbili: majina niliyo nayo na majina ninayoyahitaji kutoka kwingine. Ni kama fundi anayekata vitambaa, mkono huku na kola kule, kisha akampa mwenzake ashone. Mshonaji ndiye linka. Hulinganisha orodha za vipande vyote, huvuta kutoka kwenye maktaba kile kinachopungua, kisha hukipa kila kitu anwani yake kamili kwenye kumbukumbu.

Kazi hii ina umri mkubwa kuliko lugha zote tunazotumia leo. Mwaka 1952 Grace Hopper, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, alitengeneza mfumo wa A-0 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC I. Watu huutaja kama kompaila ya kwanza, lakini ukitazama ulichokifanya, ulikuwa karibu zaidi na linka: ulichukua vijiprogramu vilivyohifadhiwa kwenye tepu kwa namba zao, ukaviunganisha na kuvipangia anwani. Kabla ya hapo watu walivinakili kwa mkono na kujumlisha anwani wenyewe, na waliikosea hesabu hiyo mara kwa mara.

Sasa turudi kwa _sbrk, maana kosa hilo moja linaeleza nusu ya matatizo yote ya aina hii.

Amri ya printf haikuandikwa na mtumiaji. Imo ndani ya maktaba ya C, na kwa chipu ndogo za ARM maktaba hiyo mara nyingi ni Newlib, iliyoanzia kwenye kampuni ya Cygnus na baadaye kutunzwa na Red Hat. Ili ifanye kazi yake, printf huhitaji nafasi ya muda kwenye RAM, na pia huhitaji mahali pa kupeleka herufi. Kwenye Linux mahitaji yote mawili hutimizwa na mfumo endeshi. Newlib haijui itaishi kwenye kifaa gani, hivyo waandishi wake waliacha milango kadhaa wazi: _sbrk kwa kuomba RAM, _write kwa kutoa herufi, _read kwa kupokea, _exit kwa kumaliza, na mingine michache. Mwenye kifaa ndiye anayetakiwa kuijaza. Asipoijaza, linka inakuta majina yasiyo na wenyewe, na inagoma.

Tiba ziko mbili. Ya haraka ni kuongeza swichi ya --specs=nosys.specs wakati wa kuunganisha. Swichi hiyo huleta vijifunksheni vitupu vinavyoziba milango yote. Linka itanyamaza, au itatoa onyo tu, na faili litatoka. Lakini printf itakuwa imechapisha hewani, kwa kuwa _write hiyo haipeleki herufi popote. Tiba ya kweli ni kuandika _write yenye mistari michache inayotuma kila herufi kwenye waya wa mawasiliano wa chipu, na _sbrk inayogawa RAM kuanzia pale data ya programu inapoishia. Kazi hiyo haichukui hata nusu ukurasa, na anayeifanya mara moja huielewa chipu yake kuliko aliyesoma vitabu vitatu.

Jina lingine linalotisha ni __aeabi_uldivmod. Hili nalo hakuna aliyeliandika. Hutokea pale mtu anapogawanya namba ya biti 64 kwenye prosesa ya biti 32. Prosesa haina amri ya kufanya hivyo, kwa hiyo kompaila huingiza kimyakimya ombi la kijifunksheni kutoka maktaba yake mwenyewe, libgcc. Mtu akiita linka moja kwa moja, au akitumia swichi ya -nostdlib bila kuongeza -lgcc, maktaba hiyo inaachwa nje na jina linabaki bila mwenyewe. Hata waandishi wa kiini cha Linux hukutana nalo wanapotengeneza madereva ya vifaa vya ARM vya biti 32. Huko libgcc haitumiki kabisa, ndiyo maana kuna njia maalumu ya kugawanya iitwayo do_div.

Wakati mwingine mwenye jina yupo na bado haonekani. Linka ya GNU husoma mstari wa amri kutoka kushoto kwenda kulia, na inapofika kwenye maktaba huchukua tu vile ambavyo tayari vimeombwa. Maktaba ya hisabati ikitajwa kabla ya faili linaloihitaji, linka huipita, kisha baadaye hulalamika kwamba sqrt haipo. Kuihamishia -lm, swichi inayoitaja maktaba hiyo, mwisho wa mstari kunatosha.

Na C++ ina tabia yake. Ili kutofautisha funksheni zenye jina moja lakini vigezo tofauti, kompaila ya C++ hubadilisha majina: funksheni washa inayopokea namba nzima hugeuka kuwa _Z5washai. Kama washa iliandikwa kwenye faili la C, jina lake limebaki washa, na wawili hao hawatakutana kamwe. Ishara iko wazi kwa anayejua pa kutazama: ujumbe wa linka ukilitaja jina pamoja na mabano na aina za vigezo, aliyeliomba ni C++. Tangazo la extern "C" kwenye faili la vichwa linamaliza ugomvi.

Kinyume cha jina kukosa mwenyewe ni jina kuwa na wenyewe wawili. Mwezi Mei 2020 lilitoka toleo la 10 la GCC, na programu nyingi za miaka mingi ziliacha kujengeka siku hiyo hiyo. Sababu ni desturi mbaya iliyokuwa imevumiliwa. Watu waliandika "int joto;" ndani ya faili la vichwa, kisha faili hilo likatumiwa na mafaili matano ya C. Kwa hesabu ya lugha, hizo ni joto tano. Matoleo ya zamani yaliruhusu linka kuzichanganya ziwe moja bila kusema neno. Toleo la 10 lilibadili kanuni hiyo, na tangu hapo linka hukataa kwa ujumbe wa "multiple definition". Wapo wanaorudisha tabia ya zamani kwa swichi ya -fcommon. Inasaidia kwa leo, lakini njia safi ni kuweka extern kwenye faili la vichwa na kuifafanua joto kwenye faili moja tu la C. Uamuzi wa GCC ulileta usumbufu mkubwa, na ulikuwa sahihi: kigeu kimoja kinachodhaniwa kuwa vitano, au vitano vinavyodhaniwa kuwa kimoja, ni chanzo cha hitilafu zisizoonekana.

Majina yakishapatana, inakuja hesabu ya nafasi. Kwenye kompyuta ya kawaida hakuna anayeifikiria. Kwenye chipu, linka hupewa hati inayoitwa hati ya linka, yenye kueleza ardhi iliyopo: kwa STM32F103C8, flashi inaanzia anwani 0x08000000 na ina kilobaiti 64, RAM inaanzia 0x20000000 na ina kilobaiti 20. Msimbo ukizidi, linka husema "region `FLASH' overflowed by", kisha hutaja idadi ya baiti zilizomwagika. Huu ni ujumbe wenye adabu kuliko jumbe zote, maana unakupa hadi kiasi cha deni.

Kishawishi cha kwanza ni kufungua hati na kugeuza 64 kuwa 128. Linka itakubali, kwa sababu haina njia ya kuikagua chipu. Kuna hata chipu za F103C8 ambazo kilobaiti za ziada zimekutwa zikifanya kazi, na hilo limewapa watu moyo. Lakini mtengenezaji ameahidi 64, na kifaa kinachokwenda kwa mteja hakijengwi juu ya kile ambacho hakikuahidiwa. Afadhali kupunguza. Swichi ya -Os huiambia kompaila ijali udogo kuliko kasi. Mbili nyingine, -ffunction-sections na -fdata-sections, huweka kila funksheni na kila data kwenye sehemu yake, kisha --gc-sections huiruhusu linka kutupa sehemu ambazo hakuna anayeziita. Na printf kamili ya Newlib, ambayo peke yake inaweza kula makumi ya kilobaiti, ina toleo dogo liitwalo newlib-nano. Anayelitumia akumbuke kwamba toleo hilo halichapishi namba zenye desimali mpaka linka iambiwe -u _printf_float. Bila hiyo kosa halitokei, ila mahali pa joto la 27.5 panabaki patupu.

Kuna kundi la makosa linalohusu vipande visivyo vya ukoo mmoja. Mara nyingi ni faili lililojengwa jana kwa ajili ya kompyuta ya mezani, likasahaulika kwenye folda, na leo likaingizwa kwenye programu ya ARM. Au ni njia ya /usr/lib iliyoandikwa kwenye Makefile, ikaifanya linka itafute maktaba za Intel. Ujumbe utasema faili ni la muundo usiotambulika, au kwamba imeruka maktaba isiyolingana. Dawa ni kufuta mafaili yote ya kati na kujenga upya, kisha kuielekeza kompaila mtambuka kwenye maktaba zake yenyewe.

Lakini ukoo unaweza kutofautiana hata ndani ya ARM. Prosesa ya Cortex-M4F ina kitengo maalumu cha kukokotoa desimali, chenye rejista zake. Msimbo uliojengwa kwa mtindo wa "hard" hupitisha desimali kwenye rejista hizo. Uliojengwa kwa mtindo wa "soft" huzipitisha kwenye rejista za kawaida. Ukiunganisha vyote viwili, mmoja ataweka namba mahali pamoja na mwenzake ataitafuta mahali pengine. Mota ingeweza kupewa kasi ambayo hakuna aliyeiagiza. Linka husoma maelezo yaliyohifadhiwa ndani ya kila faili, huiona tofauti hiyo, na hukataa kwa kusema kwamba faili moja "uses VFP register arguments" na jingine halifanyi hivyo. Kukataa huko ni kinga. Swichi ya -mfloat-abi inatakiwa iwe ile ile kwa kila faili na kila maktaba, na ikiwa maktaba imenunuliwa ikiwa tayari imejengwa, programu yote lazima iifuate.

Tofauti ya namna hii iliwahi kuzaa kazi kubwa. Raspberry Pi ilipoanza kuuzwa mwaka 2012, prosesa yake ilikuwa ya kizazi cha ARMv6 lakini yenye kitengo cha desimali. Debian ilikuwa na matoleo mawili ya ARM: moja halikutumia kitengo hicho kwa kupitisha desimali, na jingine lilidai prosesa ya ARMv7. Pi haikuenea kwenye lolote. Mike Thompson na Peter Green wakajenga upya vifurushi zaidi ya 35,000 kwa ajili ya prosesa hiyo, ukazaliwa mfumo wa Raspbian. Hadi leo anayejenga programu ya Pi ya kwanza kwa kompaila ya armhf inayokuja na Debian anaweza kuona linka ikimaliza bila lalamiko, halafu programu ikafa kwa "Illegal instruction" mara inapoanza, kwa sababu vipande vya kuanzishia programu vilivyounganishwa ni vya ARMv7.

Hapo panaonekana jambo ambalo linastahili kuogopwa kuliko ujumbe wowote mwekundu: linka kunyamaza wakati kuna kosa. Mfano mbaya zaidi uko kwenye ukatizaji, yaani pale tukio linapoikatiza prosesa kazi yake. Kila chipu ya STM32 huja na faili la kuanzishia lenye majina ya funksheni za kushughulikia matukio, kama TIM2_IRQHandler kwa saa ya pili. Majina hayo yamewekwa kama majina dhaifu: mtu akiandika funksheni yenye jina hilo, yake inashinda, asipoandika, inabaki ile ya awali, ambayo ni kitanzi kisicho na mwisho. Akiandika TIM2_IRQhandler, kwa h ndogo, linka haioni kosa. Kwake hayo ni majina mawili tofauti, na lile linalohitajika lina mwenyewe tayari. Programu inajengwa, inapakiwa, inaanza, na saa ya pili inapolia mara ya kwanza chipu inaganda. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeandika funksheni hiyo kwenye faili la C++ akasahau extern "C".

Ile swichi ya --gc-sections nayo ina mtego wake. Jedwali la anwani ambalo prosesa ya Cortex-M hulisoma inapowashwa haliitwi na msimbo wowote, kwa hiyo kwa macho ya linka ni takataka. Hati ya linka isipolizungushia neno KEEP, jedwali linatupwa na chipu haiamki.

Kwa hiyo mafundi wazuri hawasubiri kosa ndipo waulize. Amri ya nm huorodhesha majina yote ya faili, na herufi iliyo kando huonyesha hali ya kila moja: U halina mwenyewe, T ni msimbo, W ni dhaifu. Ukiona W kwenye TIM2_IRQHandler ilhali uliiandika, umeshapata jibu. Amri ya readelf yenye swichi ya -A huonyesha mtindo wa desimali. Amri ya size hueleza ni baiti ngapi zitakaa kwenye flashi na ngapi kwenye RAM, na hapo ifahamike kwamba data yenye thamani ya mwanzo huhesabiwa kote kuwili, kwa kuwa huhifadhiwa kwenye flashi na kunakiliwa RAM chipu inapoamka. Chenye faida kuliko vyote ni faili la ramani, linaloombwa kwa -Wl,-Map. Humo linka huandika imechukua nini kutoka maktaba ipi, nani aliyekiomba, na imekiweka anwani gani. Swali la nani ameileta _sbrk hujibiwa hapo kwa mstari mmoja.

Linalowapotosha wengi ni kunakili swichi za watu wengine, moja baada ya nyingine, mpaka lalamiko litoweke. Lalamiko linaweza kutoweka na kosa likabaki, kama tulivyoona kwa nosys.specs. Njia ya uhakika ni polepole zaidi: soma kosa la kwanza, si la mwisho, maana mengi yanayofuata ni watoto wake. Toa jina lililotajwa. Uliza nani anayelihitaji na nani alitakiwa awe nalo, kisha utafute kwa nini hawakukutana.

Vyombo vyote vilivyotajwa hapa, kuanzia GCC na linka ya GNU hadi nm na readelf, hupatikana bila malipo na hufanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Asiye na ubao wa chipu naye asisubiri: programu ya QEMU, nayo ya bure, inaiga ubao wa lm3s6965evb wenye prosesa ya Cortex-M3, na linka itamlalamikia huko kwa majina yale yale.